Nani Kamwibia Bi Verdell Jumatatu Yake

Mwulize msusi yeyote wa Newark wa miaka ile, atakwambia wiki ina siku moja tu. Zilizobaki ni kazi. Kuanzia Jumanne hadi Jumamosi Bi Verdell Hightower alisimama nyuma ya kiti cha saluni yake, kitana cha moto mkononi, akinyoosha nywele za wanawake wenye harusi, wenye kesi mahakamani, na wenye waume waliotakiwa kukumbushwa njia ya nyumbani. Jumapili aliimba kwaya kwa Wabaptisti mpaka koo likakauka. Ikifika Jumatatu, saluni zimefungwa, vinyozi wamefunga, wapishi wa mahoteli wamepumzika, na kabila zima la watu wanaowapendezesha na kuwalisha wenzao linavaa vizuri na kwenda baa ya Cleophus Gadsden, saa kumi alasiri, jua bado kali, kusikiliza jazi. Waliiita Jumatatu ya Buluu, na aliyedhani jina hilo lina huzuni ndani yake hakuwahi kuingia mle.

Bi Verdell alikuwa na meza yake. Haikuandikwa jina, lakini mgeni akikaa pale aliangaliwa mpaka ahame kwa hiari yake. Ilikuwa karibu na kinanda cha Lucius Tillery, mwanamuziki wa pale, kile kikubwa cha umeme, cha ukoo mmoja na kinanda cha kanisani, chenye pedali chini. Tillery akikanyaga sauti nzito, bia ya Bi Verdell ilitetemeka glasini. Na Tillery hakupiga peke yake. Alipiga na Bi Verdell. Akipandisha, mama anamwambia, "Sema nao." Akitaka kukimbilia mwisho, mama anamwambia, "Wala usikimbie, rudi hapo hapo," na Tillery, mtu mzima mwenye wajukuu, anarudi hapo hapo. Watu wa pale hawakujua kusikiliza kwa kufunga mdomo. Muziki usiojibiwa, kwao, ulikuwa kama salamu isiyoitikiwa: kuna mtu kakosa adabu, imebaki kujua nani.

Kisha Tillery akapata kazi Atlantic City. Wanaume wanne walikitoa kinanda mlangoni kikiwa kimelala ubavu, na Bi Verdell alisimama kando ya barabara na kofia yake kama anayesindikiza jeneza la ndugu. Cleophus akamwapia kwamba Jumatatu ijayo bendi itakuwepo. Hakudanganya. Bendi ilikuwepo, na hilo ndilo lililomuuma Bi Verdell, maana angedanganya angejua la kumfanya.

Walikuwa watatu. Mpiga besi asiyetabasamu. Mpiga ngoma aliyeonekana kuwa na ugomvi wa zamani na ngoma zake, maana alizigusa, akazikwepa, akazivizia kwa nyuma. Na kiongozi wao, Emmett Purnell, kijana mrefu wa saksafoni, suti imemwishia juu ya kifundo cha mguu. Kinanda hakuna. Pale kilipokuwa pamebaki alama nne kwenye sakafu, na Purnell akasimama katikati yake.

Akaanza wimbo katikati, au pengine mwishoni, nani ajuaye. Alipiga mstari mmoja mrefu uliopinda kama njia ya mlevi, halafu kimya. Macho kafumba, saksafoni mdomoni, hapulizi. Besi inanguruma chini yake, ngoma inakwaruza, na mwenyewe yupo tu. Watu wakatazamana. Ernestine Boykin, mshona kofia na rafiki wa Bi Verdell wa miaka mingi, akainama akaanza kupapasa chini ya meza. Bi Verdell akamwuliza kapoteza nini.

"Si mimi, mwenzangu," Ernestine akasema. "Ni yule kaka. Wimbo wake umemdondoka, nadhani umebingirikia huku."

Meza tatu zikacheka. Purnell akafumbua macho, akatazama watu kama aliyebisha hodi akaona wenye nyumba wakizima taa, kisha akapuliza mstari mwingine, umepinda kuliko wa kwanza. Ikawa hivyo alasiri yote. Hakuna wa kucheza, hakuna pa kusema "sema nao," kwa sababu hakukuwa na njia ya kujua kama anasema au anasafisha koo.

Walipopumzika Bi Verdell alimfuata kaunta. Alikwenda kwa heshima, kama alivyolelewa. Akamwuliza kijana, huo wimbo wako unaanzia wapi, ili siku nyingine sisi wazee tuwe tayari.

Purnell aliinama kidogo. "Unaanzia hapo unapoingia wewe, mama."

Bi Verdell alirudi mezani akichemka. Miaka yote hii anatoa hela yake, anavaa viatu vinavyombana, anakuja kustarehe, halafu mtoto wa juzi anamtegea vitendawili. Akamwendea Cleophus naye. Cleophus alikuwa mtu wa Barbados, mpole, mwenye tabia ya kufuta glasi iliyokwisha kutakata kila alipoona ugomvi unakuja. Alifuta mbili. Akaeleza kwamba wapiga kinanda wote wazuri wana Jumatatu zao kwingine, kwamba kijana anasifiwa sana New York, kwamba wampe muda. Bi Verdell akamwambia kwamba muda ndio kitu pekee asichokuwa nacho. Anayo Jumatatu hadi saa tatu usiku, basi, na hiyo nayo imechukuliwa.

Nyumbani alitegemea kuungwa mkono. Mumewe, Lonzo, alikuwa kinyozi, na kinyozi huchukua upande wa mteja aliye kitini. Lakini Lonzo alikuwa anakaanga samaki, na badala ya kuitikia aligeuza kipande, akageuza kingine, akasema kwamba yeye hajui. Mahali fulani, karibu na mwisho, kuna kitu alikisikia. Alikuwa bado anajaribu.

"Unajaribu?" Bi Verdell akauliza. "Muziki gani huo wa kujaribiwa, Lonzo, ni muziki au kiatu?"

"Kiatu nacho kinalainika, mke wangu."

"Kinalainika baada ya kukutoa malengelenge. Mimi miguu yangu imekwisha kutoka malengelenge Jumanne hadi Jumamosi. Siendi baa kuongezewa."

Lonzo akampa samaki na mkate na pilipili, akanyamaza. Kunyamaza kwa Lonzo kulikuwa na namna yake ya kubisha, na Bi Verdell alikula kwa hasira.

Sasa, msusi akiamua kufanya siasa, hakuna chama kinachomweza. Mteja kichwa kimeinamishwa, kitana kinatoa moshi karibu na sikio lake. Hapo utamwambia jambo gani asikubali? Wiki nzima Bi Verdell alieneza habari. Kila aliyetoka kwenye kiti chake alitoka na nywele zimenyooka na msimamo umenyooka. Jumatatu iliyofuata walikuja kwa wingi, na Purnell alipofika penye vile vimya vyake, wakavijaza kwa kicheko. Mmoja akakohoa. Mwingine akauliza kwa sauti kama basi la namba tano limeshapita. Mapumziko yalipofika, Bi Verdell akalilisha sanduku la muziki sarafu mfululizo, rekodi za vinanda tupu, sauti juu, na watu wakacheza kati ya meza mpaka Purnell aliporudi jukwaani ikabidi asubiri wimbo wa sanduku uishe. Alisubiri kwa adabu. Hilo nalo lilimchukiza Bi Verdell. Angekuwa na kiburi ingekuwa rahisi.

Jumatatu ya tatu wengi hawakuja kabisa. Ndivyo walivyokubaliana. Cleophus alifuta glasi za baa nzima, kisha akaja mezani kwa Bi Verdell akaketi, jambo asilowahi kufanya.

Alisema amemsikia. Amewasikia wote. Wiki ijayo Purnell anapiga mara ya mwisho, halafu basi. Bi Verdell akamshika mkono, akamwuliza kinanda kinarudi lini.

"Kinanda hakirudi, Bi Verdell. Naleta televisheni. Watu wataangalia besiboli. Televisheni haigombani na mtu."

Bi Verdell alimwambia Cleophus kwamba yeye alilalamikia chakula, hakusema jiko livunjwe. Kwamba besiboli kila mtu anayo sebuleni kwake. Kwamba mtu hanyooshi nywele za mji mzima siku tano ili siku yake moja ya starehe akae gizani na wageni akitazama wanaume wakitema mate uwanjani. Cleophus alimsikiliza mpaka mwisho, akasema pole, akaondoka. Na njia nzima ya kwenda nyumbani Bi Verdell alikuwa na hasira na Cleophus, na Purnell, na Tillery aliyehama, na Atlantic City yenyewe kwa kuwepo. Lonzo alitembea kando yake na hakusema kitu, na kwa mara ya kwanza Bi Verdell alimshukuru kwa hilo.

Jumatatu ya mwisho alivaa gauni la kijani. Kama wanaiba siku yake, wataiba akiwa amependeza. Televisheni ilikuwa imeshawekwa juu ya rafu nyuma ya kaunta, waya wake umeviringwa, kioo kinang'aa kama jicho la samaki wa jana. Watu walikuwa nusu ya ukumbi, waliokuja kuaga na waliokuja kuzomea, na wengi hawakujua wao ni wa upande upi. Bi Verdell alijua. Kama huyu kijana ndiye aliyemwondolea Jumatatu, hataondoka bila kuambiwa.

Purnell alipiga mstari wake uliopinda, akafika penye kimya, akafumba macho. Bi Verdell akakaa sawa, na kwa sauti ile ya benchi la mbele kanisani, ya kuvuta, tamu kama asali yenye nyuki ndani, akasema:

"Msaidie, Bwana."

Ukumbi ukaangua kicheko. Wote walikuwa watoto wa kanisa na wote waliijua maana yake. Mhubiri akipanda, husemwa amina. Mhubiri akizama, akianza kurudia maneno, jasho linamtoka na somo limemkimbia, mama mmoja wa mbele humwombea hivyo kwa sauti, na hakuna mhubiri anayelisikia neno hilo bila kutamani sakafu ifunguke. Ni matusi yenye kilemba cha sala.

Purnell akafumbua jicho moja. Kwa namna fulani hakuonekana kama mtu aliyetukanwa. Alionekana kama mtu aliyesubiri barua mwezi mzima akasikia mlango unagongwa. Akaitazama meza ya Bi Verdell, akashusha mabega, akaurudia mstari uleule. Ila safari hii aliupiga bila vikorokoro, haraka, kavu, karibu kama anayesema. Halafu akanyamaza.

Na Bi Verdell akajibu.

Hakuamua kujibu. Mdomo wake ulikuwa bado una tabasamu la kejeli wakati sauti ilipotoka kifuani, nene, isiyo na maneno, ikaushika ule mstari na kuanza kuuvuta. Miguu yake ilijua kabla yake. Kanisa dogo la mbao huko Georgia alikolelewa na bibi yake: hakuna kinanda, hakuna vitabu, maana nusu ya watu hawakujua kusoma. Shemasi husimama akautupa mstari mmoja haraka, kisha hunyamaza. Na kanisa lote huuokota na kuuburuta taratibu, kila mtu na njia yake, huyu ametangulia, yule amechelewa, mwingine amepita juu, mpaka maneno yanayeyuka na kubaki mngurumo mmoja mkubwa. Hakuna anayehesabu mapigo. Ni visigino tu vinavyokwaruza mbao. Na mngurumo ukituama, shemasi hutupa mstari mwingine.

Ernestine alikuwa ameacha kucheka. Naye akaingia, chini kidogo ya Bi Verdell, akafuatiwa na Lonzo, ambaye sauti yake hakuna aliyeitegemea, akafuatiwa na wapishi wawili wa pale nyuma. Nafasi ile ambayo wiki baada ya wiki waliiona shimo ikajaa mpaka ukingoni. Purnell aliingoja itulie. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyajali. Akatupa mstari wa pili, wakauchukua. Akatupa wa tatu. Mpiga ngoma alikuwa akikwaruza vilevile alivyokwaruza siku zote, na sasa Bi Verdell alisikia wazi alichokuwa akifanya: alikuwa visigino.

Kisha Purnell akaondoka nao. Kutoka kwenye ule mngurumo alipanda, akaupasua mstari vipande, akapiga kelele kwa saksafoni kama mtu anayebishana na mbingu, na Bi Verdell akamfuata mpaka kona ya kwanza, akampoteza, akamwona tena mbali, akampoteza kabisa. Wimbo ulipoisha hakuna aliyepiga makofi mara moja. Mtu fulani alisema amina, akaona haya, akaagiza wiski.

Bi Verdell alisimama. Wote waliomwona akielekea jukwaani walidhani anakwenda kumkumbatia kijana. Walisahau Bi Verdell ni nani.

"Umethubutuje?" akasema. "Umethubutuje kuleta sala ya bibi yangu kwenye baa, watu wameshika glasi?"

Purnell alikuwa anajifuta uso kwa kitambaa. Akasema kwa upole, "Mama, Bwana Tillery alileta kinanda kizima cha kanisa humu, na ulikuwa unamwambia asikimbie."

Ukumbi ukalipuka, na Lonzo, msaliti yule, alicheka kuliko wote. Bi Verdell alingoja wamalize. Hasira yake ilikuwa imepoteza mlango mmoja lakini ilikuwa na milango mingine.

"Basi kwa nini hukusema? Mwezi mzima tumekaa hapa kama mabubu. Ungefungua mdomo ukasema, jamani, huu ni wimbo wa kanisa la kwetu, ninyi ni wa kwetu, jibuni. Umeshindwa nini?"

"Nilisema tangu siku ya kwanza." Kitambaa kilikuwa kimesimama mkononi mwake. "Babu yangu alikuwa shemasi. Hakuwahi kuwaambia watu jibuni. Alinyamaza tu, nao wakajua ni zamu yao. Nilikuja Newark nikaona nyuso za kwetu, nikasema hapa sitahitaji kueleza. Nikanyamaza. Mkacheka."

Hakulisema kwa lawama, na hapo ndipo lilipokata. Bi Verdell alitafuta jibu, yeye ambaye hajawahi kulikosa, akapata moja tu, nalo halikuwa zuri: kwamba ule wimbo wake mwingine, wa haraka, anaoupiga wa tatu kila Jumatatu, ni upuuzi mtupu, bibi yake angeondoka. Purnell akamwuliza ni sehemu ipi hasa inayomuudhi. Akamwambia. Akaambiwa kwa nini iko hivyo. Akasema sababu hiyo haitoshi. Mpiga besi, kwa mara ya kwanza, alitabasamu.

Lakini Cleophus hakuwa mtoto wa makanisa yale. Kwao Barbados walikuwa Waanglikana, waliimba kwa vitabu na kumaliza kwa wakati. Alichokiona ni ukumbi nusu mtupu na watu waliosahau kuagiza vinywaji kwa sababu walikuwa wakinguruma. Bi Verdell alipokwenda kaunta, waya wa televisheni ulikuwa umeshaanza kufunguliwa.

"Huo uache hivyo hivyo," akamwambia.

Cleophus akasema kwa uchovu kwamba ni yeye Bi Verdell aliyewafukuza watu. Anataka bendi, sawa, kwa nani? Viti?

Lilikuwa swali la haki, na Bi Verdell alichukia maswali ya haki kuliko aina nyingine yoyote. Akamwambia viti ni kazi yake, ampe Jumatatu moja. Cleophus akafuta glasi, akaitazama kwenye mwanga, akasema moja.

Wiki ile kwenye saluni haikusahaulika upesi. Walewale aliowapanga wasiende sasa aliwapanga waende, na walipouliza kulikoni, alifoka kwamba mtu mzima anaruhusiwa kubadili mawazo bila kuandikiwa na daktari. Mmoja, Bi Idella Crumpton, mke wa mzishi, alikataa katakata. Alisema ile ni kelele na Bi Verdell mwenyewe alimwambia ni kelele, kwenye kiti hiki hiki. Bi Verdell akakubali kwamba alisema. Akaweka kitana mezani. Upande wa kushoto wa Bi Idella ulikuwa umenyooka kama hariri, wa kulia ulikuwa bado kichaka. Akavuta stuli, akakaa, akasema amechoka kidogo, atapumzika mpaka Bi Idella afikirie vizuri.

Jumatatu viti vilijaa. Si wote waliokuja kwa mapenzi. Wengine walikuja kwa nywele zao. Bi Idella alikaa karibu na mlango, kichwa kimenyooka pande zote mbili, uso umefungwa. Purnell alianza na wimbo ule wa tatu, wa haraka, na Bi Verdell alijua amefanya makusudi. Ulikwenda huku, ukavunjika, ukazaa mwingine, na hapakuwa na kanisa ndani yake wala Georgia wala mahali popote alipopata kukaa. Alikunja uso. Akainama mbele, viwiko mezani, kama anavyoinama kumsikiliza mteja anayeanza kusema jambo zito kwa sauti ndogo.

Lonzo akamsogelea, akamwuliza taratibu kama ameupenda.

"Nani kasema naupenda," Bi Verdell akasema bila kugeuka. "Kaniacha njia panda tangu mwanzo. Nyamaza, baba, nisikie anatokea wapi."